Bunduki mbili za mitutu pacha za mirathi, Njoro: kuweka miaka 20 au kuuza sasa?

Msimamizi_Njoro ameuliza:

Habari zenu wadau. Swali ni la mirathi, kwa hiyo naomba majibu ya wanaojua vyuma na makaratasi, si ya "nilisikia".

Kuna bunduki mbili za Kiingereza za mitutu miwili iliyolala sambamba, za risasi moja moja kubwa, si za vyembe. Mwenye cheti ameshafariki. Zote ziko kwa muuzaji silaha mwenye leseni Nairobi, stakabadhi ipo, nambari ya OB ya kituo ipo, na barua za usimamizi wa mirathi zimeshatoka mahakamani Nakuru.

Ya kwanza ina nyundo mbili nje, nakshi za majani na nyati kila mahali, mbao yake inang'aa. Juu ya ukanda wa kati ya mitutu imeandikwa "500 EXPRESS" na jina la duka la Birmingham. Ya pili haina nyundo za nje, nakshi ni kidogo sana pembeni, mbao imekwaruzika, na kwenye ukanda limeandikwa jina la Charles A. Heyer & Co., Nairobi. Namba yake ya ukubwa wa risasi ni 470.

Warithi ni wawili. Mkubwa anataka ile yenye nakshi ibaki kama akiba ya watoto, kwa hoja kwamba 500 ni kubwa kuliko 470 na bunduki hizi "zinapanda kama shamba". Ile ya kawaida anataka iuzwe haraka. Kuna pia mtu amejitolea kuzing'arisha zote mbili kwa shilingi 15,000 ili zipate bei.

Maswali: ipi ina thamani zaidi, je ni kweli zinapanda namna hiyo, na ni kitu gani kisifanywe kabisa?

---

FundiVyuma_Kitale:

Msimamizi, poleni na msiba. Naanza na swali la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Huyo wa 15,000 mwambieni asante, hapana. Hata bure, hapana.

Sababu ni hii. Mtambo wa bunduki hizi (kile chuma cha katikati kinachoshika mitutu na kitako) ulipikwa ndani ya mkaa wa mifupa ili uso wa chuma uwe mgumu, na ulipotumbukizwa kwenye maji ukatoka na rangi: buluu, kahawia na kijivu zikichanganyika kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi baada ya mvua. Rangi hiyo ni nyembamba mno. Gurudumu la kung'arisha linaiondoa kwa dakika moja na hairudi. Kuna mafundi wanaopika upya, lakini mnunuzi mzoefu anatambua, na anakata bei. Baya zaidi, gurudumu linaviringisha kingo. Chukua nakshi uitazame kwa miwani ya kukuza: kama ukingo wa kila mfereji bado ni mkali na pembe za mtambo bado zinakata mwanga, mali ipo. Kama kila kitu ni laini kama sabuni iliyotumika nusu, ilishasuguliwa zamani.

Vivyo hivyo na mbao. Kitako kilipakwa mafuta ya kitani tabaka juu ya tabaka, hakikupakwa vanishi. Umesema ya kwanza "inang'aa". Hilo si sifa, hilo ni jambo la kuchunguza. Tazama ile michoro ya vimraba pale mkono unaposhika: ikiwa mabonde yake yamejaa kitu kama gundi kavu, kuna mtu alipitisha vanishi ya fanicha.

Skurubu nazo husema. Kiwandani mifereji ya skurubu zote iliachwa imelala kufuata mtutu, na mfereji wenyewe ni mwembamba kuliko bisibisi za dukani. Ukikuta vichwa vimeliwa na vimeelekea kila upande, jua bunduki ilifunguliwa na mtu asiye na zana zake.

Sasa, ipi ina thamani? Siwezi kujibu kwa nakshi wala kwa namba ya juu ya ukanda. Mwombe muuzaji aliyenazo atoe mitutu kwenye mtambo (ni kazi ya nusu dakika, anavuta kipande cha mbao cha mbele, anafungua, anainua) kisha aigeuze. Chini, pale mitutu inapokaa juu ya mtambo, kuna sehemu bapa yenye mihuri midogo. Piga picha huku tochi ikimulika kutoka ubavuni, karibu kulala, ili vivuli vijaze herufi. Usipake chaki, usipake rangi ya viatu. Lete maandishi yote hapa, hata yale yanayoonekana hayana maana.

Akiwa ameshika mitutu hivyo, afanye jambo moja zaidi. Aining'inize kwa kidole kwenye ile kulabu ya chini, mdomo ukiangalia sakafu, aigonge taratibu kwa mpini wa mbao wa nyundo. Mitutu mizima hulia kama kengele ya kanisa dogo, sauti inakaa hewani. Ikisema "tak" kama sufuria yenye ufa, ukanda wa kati umeachia lehemu. Hapo unyevu umeingia chini yake, kutu inakula mahali usipoona, na kuirudisha ni kuipasha moto mitutu yote, kulehemu upya na kuitia weusi upya. Nusu ya bunduki za kawaida hazistahili gharama hiyo.

---

Wakili_Milimani_KSM:

Upande wa karatasi, kwa ufupi kwa sababu mmeanza vizuri.

Cheti cha silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni cha mtu, si cha chuma. Hakirithiwi. Mrithi anapata haki ya thamani ya bunduki, lakini kuishika mkononi anahitaji cheti chake mwenyewe, chenye aina na namba ya silaha hiyo hiyo, pamoja na sababu ya kuihitaji. Kumbukeni uwindaji ulifungwa nchini 1977, kwa hiyo sababu iliyoandikwa kwenye vyeti vya zamani haipo tena. Kwa hiyo yule ndugu mkubwa asifikirie "itakaa kabatini Njoro". Bila cheti kwa jina lake itakaa palepale ilipo, kwa ada ya kila mwezi. Na stakabadhi ya muuzaji ibebe namba za silaha zote mbili, si "bunduki mbili kuukuu". Namba iliyo kwenye stakabadhi, iliyo kwenye cheti cha marehemu na iliyo kwenye chuma zilingane tarakimu kwa tarakimu. Kosa la tarakimu moja la mwaka wa zamani hurekebishwa kwa barua leo. Likigundulika forodhani, mzigo unazuiliwa.

Jambo ambalo watu hulisahau ni pembe. Nyingi za bunduki hizi zina kilenga cha mbele chenye kitone cheupe, wakati mwingine kipo cha pili kinachoinuliwa kwa ajili ya giza. Kitone hicho kinaweza kuwa enameli, kinaweza kuwa jino la ngiri, kinaweza kuwa pembe ya ndovu. Kipo kidogo kama punje ya mtama, lakini kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013 kukaa na nyara bila kibali ni kosa, na sheria haipimi punje. Uingereza nako Sheria ya Pembe ya 2018 ilianza kutumika 2022. Inaruhusu kuuza kitu cha kabla ya Machi 1947 ambacho pembe ni chini ya asilimia 10 ya ujazo wake, ila lazima kisajiliwe kwanza. Kwa hiyo mwulizeni muuzaji kitone ni cha nini, na aandike. Kama ni pembe, msikitoe wenyewe na kukitia mfukoni. Mtakuwa mmetoka na bunduki safi na kosa mkononi. Ombeni maelekezo ya KWS, shirika la wanyamapori, kwa maandishi.

Utaratibu wa kuuza nje: kibali cha kuingiza cha nchi ya mnunuzi kinatangulia, kibali cha kutoa Kenya kinafuata. Mkianza kinyume, kibali cha hapa kinaweza kuisha muda wake mkisubiri kile cha kule.

---

Msimamizi_Njoro:

Asanteni sana, Fundi na Wakili. Picha zimekuja. Kung'arisha kumesimamishwa.

Ya nyundo: chini ya mitutu kuna taji juu ya fimbo mbili zilizopishana, na herufi B, P, C. Muhuri mwingine unafanana na huo ila una V. Hakuna neno lingine zaidi ya namba. Namba ya mitutu na ya mtambo zinalingana, lakini ile mbao ya mbele ina namba tofauti. Imegongwa: inalia vizuri.

Ya Heyer: kuna mataji yenye herufi BP na NP, maneno NITRO PROVED, na mstari "CORDITE 75-500 MAX". Namba zote tatu zinalingana. Inalia vizuri pia. Kilenga chake ni chuma chenye kitone cha dhahabu au shaba, si pembe.

Kuna ndugu wa mbali anasema ile ya nyundo iliwinda na Roosevelt, yule rais wa Marekani. Je, hilo linasaidia?

---

FundiVyuma_Kitale:

Sasa tunaongea.

Ile ya nyundo. Fimbo zilizopishana chini ya taji ni mihuri ya nyumba ya majaribio ya Birmingham (inapopimwa nguvu ya mitutu) ya kabla ya 1904. Kukosekana kwa neno NITRO, yaani baruti isiyo na moshi, kunamaanisha mitutu ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu. Yaani hiyo si 500 Nitro Express, ni 500 ya baruti nyeusi. Hapa ndipo watu huumia, kwa maana halisi ya neno. Ganda la ile ya baruti nyeusi la inchi 3 na ganda la 500 Nitro Express la inchi 3 lina umbo moja. Risasi ya kisasa inaingia kwenye chemba hiyo bila kulalamika. Ya zamani ilisukuma risasi ya madini ya risasi tupu, yenye uzito wa greini 340 hadi 440 hivi, kwa baruti inayoungua polepole. Ya nitro inasukuma greini 570 zilizovikwa chuma, kwa greini 80 za kordaiti, aina ya hiyo baruti isiyo na moshi. Mtambo wa nyundo wa wakati ule haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Muuzaji aifungie kibandiko chekundu: ISIFYATULIWE kwa risasi za nitro. (Zipo za katikati pia, zilizojaribiwa kwa nitro nyepesi iliyoiga nguvu ya baruti nyeusi, lakini hizo huandikwa hivyo, na yenu haikuandikwa.)

Kwa hiyo hoja kwamba 500 ni kubwa kuliko 470 imekwisha hapo. Mbao ya mbele yenye namba nyingine nayo inapunguza: ama ilibadilishwa baada ya kuvunjika, ama ilichanganywa na pacha yake. Ni kitu cha kupendeza kweli, nakshi ya nyati si kila mtu aliweza, ila ni cha mkusanyaji wa vitu vya kale, si cha mtu anayetafuta bunduki ya kazi. Wanunuzi wa aina hiyo ni wachache. Kuna faida moja ya kisheria kule nje: Marekani, bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla huhesabiwa kale na haipiti njia ya silaha za kawaida katika sheria ya taifa. Mihuri pekee haithibitishi, inasema tu kabla ya 1904. Mwaka wenyewe unahitaji daftari la kiwanda.

Ya Heyer. BP na NP chini ya taji ni Birmingham baada ya 1904. "75-500" ni greini 75 za kordaiti na risasi ya greini 500, yaani gramu 32 na kitu, ikitoka mdomoni kwa takriban mita 655 kwa sekunde. Hiyo ndiyo 470 Nitro Express halali. Jina la Heyer ni la duka lililouza, si la karakana iliyotengeneza. Bunduki za namna hii zilitengenezwa Birmingham na kuandikwa jina la muuzaji. Wengine wakisikia hivyo wanaishusha, mimi naona kinyume: wakusanyaji wa vitu vya Afrika Mashariki wanalitafuta jina la Nairobi kwenye ukanda kwa sababu linaonyesha ilikuja kufanya kazi huku. Isipandishwe hadi ngazi ya Holland & Holland au Rigby, karakana kubwa za London, hapana. Lakini ni safi.

Kwa nini 470 inashika bei? Risasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Waingereza kule India ilizuia namba 450, ikiogopa risasi na maganda yake kuishia kwenye bunduki za jeshi zilizokuwa mikononi mwa waasi. Watengenezaji wakakimbilia namba za jirani: 465, 470, 475, 476. Nyingi zikabaki yatima. Kynoch, kiwanda cha risasi cha Uingereza, kilipoacha kutengeneza risasi hizi kubwa miaka ya 1960, thamani ya bunduki ikaanza kufuata upatikanaji wa risasi. 470 ndiyo iliyopona vizuri zaidi, viwanda kadhaa vya Marekani na Ulaya vinaitengeneza leo. Mwenye 475 No. 2 atakuambia habari nyingine, maana hata kipenyo cha risasi yake hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji.

Roosevelt nawaachia wengine.

---

Mzee_Londiani:

Roosevelt alikuja 1909, hilo ni kweli, na alishuka treni hapa Londiani kuelekea Uasin Gishu. Bunduki yake ya mitutu miwili inajulikana: Holland & Holland, 500/450, zawadi kutoka kwa Waingereza waliompenda. 500/450 ni ganda la 500 lililobanwa shingo kushika risasi ya 450, si 500 yenu. Kila shamba la zamani kutoka Njoro hadi Kitale lina bunduki "iliyowinda na Roosevelt". Kama zote zingekuwepo, msafara ule ungehitaji gari moshi mbili.

Bila karatasi, hadithi hiyo haiongezi hata shilingi. Karatasi maana yake ni barua ya wakati ule yenye namba ya bunduki, picha inayoonyesha bunduki yenyewe kwa ukaribu wa kutambulika, cheti cha zamani cha silaha cha enzi za koloni, risiti ya duka. Tafuteni kwenye masanduku ya marehemu. Leseni ya uwindaji ya miaka ya 1930 yenye jina na namba ya ile ya Heyer ina uzito kuliko Roosevelt wa mdomoni. Na msiandike hadithi hiyo kwenye tangazo la mnada mkidhani mnapamba. Mtaalamu akiikataa, atatilia shaka na yale mengine ya kweli.

---

MamaHesabu_Section58:

Naja kwenye swali la pili, la "zinapanda kama shamba".

Kwanza ondoa shilingi. Bei za vitu hivi ni za pauni na dola. Mwaka 2005 dola ilikuwa karibu shilingi 75, 2025 ikawa karibu 129. Kitu ambacho bei yake ya dola haikusogea hata kidogo kimeonekana Nakuru "kimepanda" asilimia 72. Hiyo si bunduki iliyopanda, ni shilingi iliyoshuka, na mfumuko wa bei hapa nyumbani umekula ongezeko hilo na kudai chenji.

Pili, pengo la mnada. Tuseme nyundo ya mnada inagonga pauni 20,000. Mnunuzi anaongezewa ada ya nyumba ya mnada, tuweke asilimia 25, analipa 25,000 kabla ya kodi ya hiyo ada. Muuzaji anakatwa, tuweke asilimia 15, zinabaki 17,000. Toa usafirishaji, vibali, bima na picha, tuweke 1,500. Mkononi ni 15,500. Sasa fikiria mtu aliyenunua leo kwa hizo 25,000 akitaka tu kurudisha pesa yake kwa ada zilezile: lazima nyundo ya siku hiyo igonge kama 31,200. Yaani bei ipande asilimia 56 ndipo afike sifuri. Kwa miaka 20 hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 2 kila mwaka, na hajapata hata senti. Ndiyo maana namwambia yeyote anayetaka *kununua* kama uwekezaji: nunua kwa sababu unaipenda, au usinunue.

Ninyi hamnunui, mmerithi. Pengo la kuingilia haliwahusu, la kutokea linawahusu. Kwa hiyo swali lenu ni jepesi zaidi: 15,500 leo, au kitu gani baadaye? Kwa pauni ya shilingi 170 hiyo ni kama milioni 2.6. Kwenye hati fungani ya serikali yenye riba, tuseme, asilimia 12, inaleta zaidi ya 300,000 kwa mwaka kabla ya kodi, nusu kila miezi sita. Bunduki haileti kitu. Inaomba: kama ada ya kuhifadhi ni 3,000 kwa mwezi, miaka 20 ni 720,000, na ada hazibaki palepale. Wekeni namba zenu halisi, lakini umbo la hesabu halitabadilika.

Tatu, nani atakuwa mnunuzi baada ya miaka 20? Bunduki hizi zinanunuliwa na watu wenye umri, wengi wao wawindaji. Sheria za pembe, za nyara na za risasi zenye madini ya risasi zinakazwa sehemu nyingi. Zile za juu kabisa, za karakana kubwa za London zenye nakshi na kisanduku chake cha asili, zitapata mnunuzi siku zote, kama michoro. Zile za katikati ndizo zenye wasiwasi, na zenu zote mbili ni za katikati. Hayo ni maoni yangu, Fundi anaweza kunipinga.

---

FundiVyuma_Kitale:

Sikupingi, Mama, ila naongeza neno moja kuhusu za katikati. Za katikati zinazoshuka ni zile zilizoguswa-guswa. 470 yenye namba zinazolingana, mitutu inayolia, rangi ya asili hata kama imefifia, na mbao iliyokwaruzika kwa matumizi halali, hiyo ina watu. Mikwaruzo si ugonjwa. Ufa nyuma ya mtambo ndio ugonjwa, pale mbao inapokuwa nyembamba kama kifundo cha mkono. Mwombe muuzaji apake spiriti kidogo kwa pamba mahali hapo: mbao hukauka upesi, ufa hubaki na mstari mweusi wa unyevu kwa sekunde chache zaidi. Ndio ufa mnaoutafuta.

Ndani ya mtutu atazame karibu na chemba kwa taa. Kordaiti huungua kwa moto mkali na hula mwanzo wa misokoto, ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Fataki za zamani, yaani viwashio vya nyuma ya ganda, ziliacha chumvi inayovuta unyevu, kwa hiyo mtutu ambao haukuoshwa kwa maji ya moto baada ya kazi una vishimo kama ngozi ya aliyeugua tetekuwanga. Vishimo vichache karibu na chemba vinavumilika kwa bunduki ya umri huu. Kivuli cha duara kamili katikati ya mtutu hakivumiliki, huo ni uvimbe.

Na bunduki ya mitutu miwili ina tatizo ambalo ya mtutu mmoja haina: mitutu yake iliunganishwa kwa pembe ndogo ya kukutana, kisha fundi akaifyatua, akasogeza kabari karibu na mdomo, akalehemu, akafyatua tena, mpaka risasi za kushoto na za kulia zikaangukia mahali pamoja. Kazi hiyo ilifanywa kwa ile mizigo ya 75-500 peke yake. Mtu akiwapa risasi zenye kasi zaidi, zitatoka kabla bunduki haijageuka na kurudi nyuma vya kutosha, na zitapishana: ya kulia itapiga kushoto. Zikiwa za polepole zitaachana. Kwa hiyo mnunuzi akisema "haipigi pamoja", ulizeni alitumia risasi gani kabla hamjapunguza hata pauni moja. Na asije akatokea fundi wa hapa mtaani akasema atairekebisha kwa moto.

Kuhifadhi, kwa kuwa ada mnalipa: mwambieni muuzaji asiziweke ndani ya kisanduku cha ngozi hata kama ni cha asili. Ngozi na kitambaa cha ndani hushika unyevu na kula chuma. Kisanduku kikae kando, bunduki kwenye sefu, mdomo chini. Kwa nini mdomo chini? Ikisimama juu, mafuta hushuka miaka na miaka hadi kwenye mbao nyuma ya mtambo, mbao inageuka nyeusi na laini kama keki iliyolowa, kisha inapasuka siku inapofyatuliwa. Mafuta mepesi ya cherehani kwenye kitambaa, kiasi cha kuacha alama ya kidole tu, kila miezi mitatu. Kwa aliye Kisumu au Homa Bay ningesema kila mwezi, hewa ya ziwa haina huruma.

---

Wakili_Milimani_KSM:

Nyongeza ndogo. Ikiamuliwa kuuza, mkataba na nyumba ya mnada useme wazi nani analipa ikiwa bunduki itashindwa majaribio mapya kule. Uingereza hairuhusiwi kuuza silaha isiyo na majaribio halali, na ikipimwa ikakutwa mitutu imepanuka kupita kipimo, itarudishwa kwenye majaribio kabla ya mnada. Ikishindwa, mtabaki na chuma London na gharama ya kukirudisha.

---

Msimamizi_Njoro:

Nimewaelewa. Nimeongea na ndugu wote wawili kwa simu, na mkubwa amenyamaza kidogo tulipofika kwenye mihuri. Kwa sasa: ya Heyer inaombewa makadirio kwa nyumba mbili za mnada kwa picha, masanduku ya marehemu yanapekuliwa kutafuta leseni za zamani, na ya nyundo inabandikwa ile ISIFYATULIWE. Muuzaji anasema ya Heyer ikifungwa inacheza kidogo. Kinachocheza ni nini hasa, na ni mbaya kiasi gani?

---

FundiVyuma_Kitale:

Inategemea inacheza wapi. Atoe mbao ya mbele kwanza, maana ikiwepo inabana na kuficha. Ashike kitako chini ya kwapa, mkono wa kushoto kwenye mitutu, atikise kushoto na kulia, kisha juu na chini. Akisikia mlio wa kushoto-kulia pekee, hilo hurekebishwa na fundi mwenye ujuzi wa bunduki hizi na bei haishuki sana. Kisha achukue karatasi ya kusokotea sigara, aipitishe kati ya mitutu na uso wa mtambo, afunge. Karatasi ikishikwa barabara, iko sawa. Ikivutika bila kuchanika, achukue mbili, halafu tatu, na aandike ilipobana ni ngapi. Karatasi moja, andikeni kwenye maelezo ya mnada na muendelee. Tatu, isifyatuliwe tena, na mwambieni mnunuzi kabla hajauliza. Lete hiyo idadi hapa.